Sita

Kwanza kidonge, saa nzima mapema,
maana dawa nayo ina mwendo wake, haikimbizwi.
Nje ukungu umelalia chai ya Ilam,
na Pabitra, mchuma majani, ananiuliza
kama ataliwahi gari la saa nane.

Utaliwahi.
Namwambia pia: maumivu hapa tunayapa namba,
sifuri hadi kumi, wala hakuna wa kukusahihisha.
"Mbili," anasema, kabla hajaguswa,
kama mtu anayetaja bei
akiogopa kuambiwa ghali.

Daktari Rukmini anachoma ganzi,
upande huu, kisha ule, kisha anangoja.
Zamani hakuna aliyengoja.
Chupa ya maji moto nimeivika soksi ya mwanangu,
naiweka chini ya kitovu chake.
Kazi yangu mimi ni mdomo:
kumwambia kila kitu kabla hakijamfikia.
Sasa baridi.
Sasa utabanwa, kama hedhi iliyokasirika.
Sasa bomba litavuta; hiyo ni sauti tu.

Lipo neno moja silitamki chumbani humu.
Niliambiwa mimi, mwaka ule wa maporomoko,
juu ya kitanda cha chuma, bila kidonge, bila ganzi,
na sista aliyekuwa akitazama dirishani:
jikaze.
Nikajikaza. Nikajikaza hadi nyumbani,
mwaka mzima nikala wali na taya limefungwa.

Wahenga wamesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Huu wetu hawakuutungia methali.

"Ngapi sasa?"
Anafumba macho. Vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai,
vinanibana mpaka pete inaniuma.
"Tatu."
Kisha: "Hapana. Sita. Ni sita, dada."

Mkono wa daktari unasimama pale pale.
Anaongeza dawa. Tunangoja sote watatu,
mvua nyepesi ikipita juu ya bati.
Hakuna anayesema anatia chumvi.
Sita yake naiandika kwenye faili, kwa wino.

Saa nane kasorobo amekwisha vaa viatu.
Biskuti moja ameila, ya pili kaifunga kwenye shali.
Mlangoni anageuka:
"Ile soksi ya chupa," anasema,
"ina tundu kisiginoni."

Nimeishona usiku huo huo.