Vidole Vinane vya Ambrose

Kwanza chomoa waya wa plagi,
alisema mjomba Ambrose, hata glavu sijavua.
Usiniambie swichi imezimwa. Chomoa.
Uusogeze kando, usije ukajirudia wenyewe
kama mgeni aliyesahau kofia.

Redio ya St. John's imetangaza sentimita arobaini usiku huu,
na mashine ya theluji imelala bandani tangu Aprili,
tangini petroli ya mwaka jana,
imechacha, inanuka rangi ya mlango.

Tuliimwaga ndani ya dumu, nje, mbali na jiko la kuni.
Gus wa jirani alikuja kutazama, sigara mdomoni.
Ambrose alimkazia macho tu,
naye akarudi barabarani kuivutia kwenye upepo.

Kabureta ni koo, akaniambia.
Nikafungua kibakuli chake:
ukoko wa kahawia, kama chini ya buli.
Na kile kitundu cha kupitishia mafuta
nilikizibua kwa uzi mmoja wa shaba,
ulimi nje, pumzi nimeibana,
kisha nikakielekeza kwenye balbu.
Nukta ya mwanga.
Moja.

Sasa vuta kamba polepole, uisikie.
Nikavuta. Pistoni ikapanda, ikakaza,
mkono wangu ukakutana na kitu
ndani ya chuma baridi, kisichopenda kubanwa.
Inavuta, inabana, inalipuka, inatema;
hayo tu, alisema, kutwa nzima.
Wako watu wanaofanya machache zaidi.

Ambrose huhesabu kwa vidole.
Kushoto vitano, kulia vitatu,
akifika nane huanza upya.
Ndivyo nilivyomjua tangu kuzaliwa
na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza,
wala mimi sikuuliza.
Alisema mwenyewe, huku akifuta spana:

Injini ilikuwa imezimwa.
Theluji chepechepe imeziba domo,
gari limefukiwa uani,
Rita ndani, ameshikwa na uchungu.
Nikaingiza mkono.
Mkanda ulikuwa bado umekaza;
mapanga yalikuwa yakidai nusu mzunguko.
Yakachukua deni lao.

Rita ni mama yangu.
Mimi ni mtoto wa pekee.
Niliendelea kukaza nati ambayo ilikwisha kukaza.

Wanasema ajali haina kinga, akasema,
na akatungua ukutani kipande cha mpini wa ufagio,
kimepakwa rangi nyekundu, ncha imetafunwa.
Kinga ni hii. Domo likiziba, zima, chomoa waya,
halafu hii ndiyo iingie. Ikikatika, nitakuchongea nyingine.

Tukamimina oili mpya hadi kwenye alama,
tukarudisha waya, tukaisukuma hadi uani
kwanza, kwa kuwa moshi wake haufai bandani.
Chembe za mwanzo zilikuwa zimeanza kushuka.

Nilivuta, naye akihesabu kwa mkono wa kulia.
Moja, ikakohoa.
Mbili, kimya.
Tatu.

Vidole vilitosha.