Kibati Namba 417

Mwaka ule theluji ilikuja mapema,
ikaanza safari nyeupe, ikatua ya kijivu kwa vumbi la makaa.
Shule ya masista, mji wa migodi, kidato cha tatu,
bomba la joto likigonga ukutani kama mgeni asiyefunguliwa.

Mwalimu Halszka hakuanza na katekisimu.
Alitusomea hadithi ya mlinzi wa reli
aliyelala zamu, treni ikapita, ng'ombe watatu wakafa.
Mwandishi hakumpa jina.
"Huyu ni nini?" akauliza.
Tukajibu mbio: mlevi. Mzembe.
Bogna akasema: hasara.
Akayaandika yote ubaoni, chaki ikimvunjikia mara mbili,
kisha akageuka.
"Nimewauliza vibaya, nanyi mmejibu barabara.
Sasa semeni: huyu ni nani?"

Bomba likagonga.

Gniewko, ambaye tangu Septemba hakunyoosha mkono,
akatoa mfukoni kibati cha shaba, duara, chenye tundu,
cha kutundikwa langoni mtu akitoka salama shimoni.
"Cha baba. Jioni ile vilihesabiwa, kimoja kikapungua.
Walipokuja nyumbani walitaja namba.
Mama akawauliza: nani?
Wakairudia namba."

Sikumbuki kama kengele ililia.
Namkumbuka Padri Zefiryn, mkaguzi, kiti cha nyuma,
kalamu hewani juu ya fomu: Lengo la Somo.
Mwalimu hakusema sura ya Mungu, hakusema hadhi, hakusema nafsi;
hayo alituandikia kesho yake kwa wino mwekundu,
tukayakariri, tukayasahau nusu.
Siku ile alishika kitambaa tu, akafuta:
mlevi, mzembe, hasara.
Ukabaki ukungu wa chaki.
"Mpeni jina," akasema. "Mpeni na mtu
anayemfunikia chakula kisipoe."

Mimi nilimwita Wit.
Nikampa mke mwenye kifua, na usiku tatu za kumkandia.
Ng'ombe bado walikufa. Hilo sikuweza kulifuta,
na pembeni mwalimu aliandika: vema, usilifute.

Mgodi umefungwa. Lango liliuzwa chuma chakavu.
Nami nakaa nyuma ya kioo, ofisi ya pensheni,
fomu inanitaka nianze na namba.
Nikiweza, naanza na jina.
Siku nyingine foleni inafika hadi mlangoni,
nimechoka, nasema: namba?
Na bomba la joto, hapa pia, linagonga.