Waya wa Kijani

Mhina amelala chali chini ya dashibodi,
miguu nje, kandambili moja imedondoka
kwenye vumbi la Barabara ya Kumi na Tano.
"Huu mwekundu?" Hauna moto.
"Kahawia?" Una moto hata ufunguo ukiwa mfukoni;
utanyonya betri, asubuhi ni kusukuma.

Landrova ya shamba la mkonge, rika la mama,
haikuzaliwa na tundu la kuchomekea kitu.
Nami nina friji ya chanjo.
Jumatatu tunasubiriwa Magoroto.

Taa ya kupimia inakonyeza: wa kijani.
Unaamka na ufunguo, unalala nao.
"Wa waipa huu," anasema. "Chagua."

Nimechagua.
Mvua ikinikuta Muheza
nitafuta kioo kwa kanga,
mkono mmoja nje,
dozi mia mbili nyuma zikipumua baridi.