Ufunguo wa Stoo

Ilipopimwa pishi ya mwisho na magunia yakaondoka,
stoo ilibaki na harufu ya karafuu na panya wawili.
Ndipo Mkasi akaniletea karatasi ya mwalimu wake wa sayansi,
imekunjwa mara nne kama barua ya posa.
"Mama, naomba chumba cha majaribio."

Nilicheka. Kisha nikaisoma.
Ukungu wa muhogo uliochemshwa, ilisema;
maji ya makonyo, kama kweli huuzuia usiote,
na kwa siku ngapi.
Miaka yote nimeyauza makonyo kwa gunia, hapa Wete,
sikujua kuwa ndani yake mna swali.

Ufunguo nilimpa, lakini si siku ile.
Siku ile tulitoboa ukuta.
Kaka yangu Faki alikuja na tindo,
akafungua dirisha upande wa kaskazi;
upepo ukaingia na vumbi la chokaa,
na mwanga ukatuonyesha uchafu tulioishi nao.
Tukafagia. Tukapiga deki mara tatu.
Ndoo ya mchanga mkavu tukaiweka mlangoni,
si nyuma ya mlango: moto haukungoji utafute.
Dumu la maji safi, la kuoshea jicho, likakaa karibu.
Meza tuliiazima skuli, mguu mmoja mfupi;
tukautia kigae, tukaisukuma, ikakataa kuyumba.
Faki akavua miwani yake ya useremala, akampa.
Mtandio ufungie nyuma, nikamwambia, mikono ya gauni ikunje.
Humu hapaliwi, hapanywewi,
hata kama embe ni boribo.

Jumanne nikamkuta amepanga chupa za soda,
nne, zimeoshwa zinang'aa,
moja tayari ina spiriti.

Sikumgombeza. Nilikwenda uani, Faki anapiga randa.
"Njoo umwambie," nikasema.
Akaiweka randa chini. Akajifuta mikono muda mrefu.

Alikuwa na miaka minne, mimi sita.
Mchana wa Ramadhani, watu wazima wamelala,
chupa ya Fanta juu ya dirisha,
na ndani yake mafuta ya taa.
Alisimulia kwa ile pumzi yake fupi
ambayo Mkasi alidhani ni ya vumbi la mbao.
Hakusema nani aliyemshushia chupa.
Miaka thelathini na tisa hajasema,
si kwa mama, si kwa daktari.

Nikasema mimi.

Randa ililala juani. Kuku akapita.
Mkasi akaingia stoo, akairudisha spiriti
kwenye chupa yake ya dukani,
akafunga kifuniko, akakijaribu tena.
Kila kopo sasa lina jina, tarehe na neno SUMU panapostahili,
na kwa kuwa mdogo wake Shaame hajui kusoma
amemchorea uso uliotoa ulimi.
"Huyu mjomba Faki?" Shaame aliuliza.
Tulicheka, Faki kutushinda, mpaka akakohoa.

Leo ni siku ya tisa.
Visahani sita vimezungushiwa utepe, havifunguliwi,
vinatazamwa tu kwa juu.
Siku ya sita ukungu uliota hata kwenye makonyo,
kijani, mdogo kama kucha ya mtoto mchanga.
Nikadhani atalia. Aliandika.
Kwa kalamu ya wino, maana risasi inafutika.
Mwisho wa yote atavimwagia jiki, peke yake, bila siki,
dirisha likiwa wazi, kisha tutavifukia.

Ufunguo nauweka juu ya kabati,
mahali ambapo hata mimi napandia kigoda.

Jana Faki alikuja na mbao za rafu,
akataka kupita moja kwa moja.
"Miwani, mjomba," Mkasi akamzuia mlangoni,
na akamvalisha, taratibu, nyuma ya masikio,
miwani yake mwenyewe.