Valvu Mbili

Moyoni mwa Bogumił kuna kichuma kinachogonga.
Usiku, redio ikizimwa, nakisikia kupitia pijama,
tk, tk, kama mtu anayehesabu chenji gizani.
Kwa ajili yake humeza warfarini saa mbili kamili,
damu ibaki nyepesi, isigande mlangoni pake.

Huku chini, tangu walipoitoa tezi dume, hakuna mlango.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha tramu namba saba
kutoka Krzekowo hadi ng'ambo ya mto
bila kushuka kukojoa.
Sasa akikohoa, suruali inalowa.
Akaacha kanisa. Akaacha kucheka,
maana kucheka nako kunavujisha.

Daktari Wrzesińska alituchorea nyuma ya bahasha:
pete ya kuubana mrija wa mkojo,
kipampu cha kubonyeza, kimefichwa korodanini.
"Ila damu yako," akasema, na kalamu ikasimama.
Ukiacha dawa, donge laweza kupanda kichwani.
Usipoacha, nikikata, sijui nitaizuia wapi.
Yaani, Bogumił, chagua unakotaka kuvujia.

Vidonge tukavisimamisha siku tano.
Nikamdunga heparini tumboni,
mimi niliyezimia siku mama alipochinja bata.
Siku tano sikulala. Nilisikiliza.

Operesheni ilikwenda salama. Dawa ikarudishwa.
Usiku wa tatu akaniita kwa jina langu zima,
Stanisława, si Stasia.
Nikainua shuka: biringanya, jeusi, la kung'aa,
na bandeji imelowa chapachapa,
safari hii si mkojo.
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka,
kwa kuwa nilikwisha kutandika mpira, taulo, kila kitu,
nikimngojea mgeni mwingine kabisa.

Hawakumpasua tena. Walikandamiza, wakaweka barafu,
wakaipanga dozi upya, nusu kidonge, robo kidonge,
kama anayeitafuta stesheni kwenye redio kuukuu.
Biringanya likawa zambarau, likawa kijani,
likawa rangi ya haradali, likaondoka.
Wiki ya sita wakaifungulia pete kazi.

Jana, kwenye ngazi, jirani alisimulia
jinsi bata mzinga wa paroko alivyoingia sakramenti.
Bogumił akashika ukuta, akacheka hadi machozi.
Nikaitazama suruali yake, mazoea tu.
Ya kijivu. Kavu.

Usiku nikamwuliza, kidonge umemeza?
Alikwisha kusinzia.
Kifua ndicho kilichonijibu.