Bikoni Namba Saba

Mimi ndiye niliyekichora kile kiwanja.
Ekari mia mbili, ukipita Nala kidogo,
kalamu nyekundu, mstari mwembamba,
na katikati, kwa herufi alizotaka mkurugenzi zikuzwe mara mbili:
MAKAO MAKUU YA KAMPUNI.

Makao makuu. Maneno hayo tunayajua.
Baba aliyasikia redioni mwaka niliozaliwa,
akauza ng'ombe wawili, akanunua mabati,
akajenga vyumba sita vya kupangisha watumishi wa serikali.
Popo ndio waliohamia kwanza.
Kwa hiyo nilipoambiwa chora, nilichora,
ila mkono una kumbukumbu zake.

Arusha walipeleka picha ya mlima.
Mwanza wakapeleka ziwa.
Dar es Salaam hawakupeleka kitu; bahari haiombi kazi.
Sisi tulikaa kikao siku tatu, tukijiuliza tuna nini.
Chedego wa biashara akasema: tuna nafasi.
Akasema: tuko katikati,
mtu akishika ramani ya nchi isipeperuke
kidole chake kinatua kwetu.
Ikaandikwa hivyo, ukurasa wa nne.
Upepo wenyewe haukuandikwa.

Wiki ya ugeni barabara ilimwagiwa maji asubuhi na jioni,
vumbi lisije likatutangulia kujitambulisha.
Chang'ombe mabomba yalikohoa, yakanyamaza.
Mama Nyemo, mpika uji wa shule,
alinunua dumu kwa shilingi mia saba, akanisimamisha:
Wewe wa ofisini,
siku hizi lami nayo inaona kiu?

Walikuja watatu. Walikula zabibu, wakasifu.
Kisha yule mwanamke mwenye miwani akauliza swali moja tu:
miaka ishirini ijayo, maji yatatoka wapi?
Kimya.
Mzee Mbeleje, mshairi wa halmashauri,
akadhani ndiyo zamu yake. Akasimama, akaghani:

*Karibuni wawekeza, mjini kwetu Dodoma,*
*Zabibu tutawajaza, mkirudi mtasema,*
*Kodi tutaipunguza, miaka kumi mizima,*
*Maji tutayaongeza, tuchimbe vingi visima.*

Vina vilikaa. Mizani haikupungua hata moja.
Wageni walipiga makofi,
na yule mwanamke akaandika neno kwenye daftari,
akalifunika kwa kiganja.

Barua ilifika Februari. Aya mbili.
Ya kwanza ilikuwa shukrani; ya pili sikuisoma.
Chedego alisema tumeshindwa na Kigali.
Mlinzi wa geti, ambaye hakualikwa kwenye kikao chochote,
alisema hapana, hawa hawakuwa wanahama.
Mchumba akitaka kwao wampunguzie mahari
huhakikisha ameonekana akipita mtaa wa pili.

Watoto wetu hufundishwa jina la mji:
tembo alishuka kunywa, akadidimia, *idodomya*.
Wale waliosimama ukingoni,
wakanusa tope, wakageuza masikio na kuondoka,
hao hawana somo.

Juzi nilitumwa kukagua mipaka.
Malogo, ambaye fidia yake bado iko njiani,
amerudisha uwele wake mpaka katikati ya mapokezi,
pale nilipochora chemchemi ya kurusha maji.
Bikoni namba tatu ananolea panga.
Namba saba amefungia mbuzi,
mbuzi ameizunguka mpaka kamba imekwisha,
kidevu kimegusa saruji.

Akaniuliza: nipande msimu ujao,
au mna wengine?

Mkobani nilikuwa na karatasi mpya, bado ina joto la mashine.
Kampuni nyingine. Ekari mia tatu.

Nikamfungua mbuzi kwanza.
Kisha nikamwambia:
panda, Malogo,
lakini panda mbegu ya siku tisini.