Beleshi la Tuure

Tulinyonya ziwa moja, Tuure, tukalalia kitanda kimoja,
hapa Nurmes, ambako Januari jua huchungulia
kama mdaiwa, likaona watu, likarudi ndani.
Sukari ilianza na wewe. Baada ya miaka miwili
ikanikuta na mimi, namaliza andazi la nne,
lile la iliki, kwa kahawa.

Wewe uliandika kila kitu.
Daftari la bluu: saa, vipande vya mkate, namba,
na kidole ulichotoboa leo.
"Vidole havilingani," ulinitania,
"hiki kidogo ndicho chenye ukarimu."
Mimi nilivuta sigara nyuma ya banda la kuni,
nikalamba kijiko, nikakificha kijiko.
Mtaa mzima ulijua nani atamzika nani.

Asubuhi ile, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ulitoka kufukua njia ya gari.
Hukushika kifua. Hukuita.
Sukari ilikuwa imeshatafuna nyaya za maumivu;
kengele ililia, mwenye nyumba hakuisikia.
Ulisema tu, dirishani, "Nimechoka kidogo.
Na jasho hili, kwenye baridi hii, la nini?"
Ukaegemea beleshi.
Beleshi lilibaki wima.

Daktari Saarela alinichorea nyuma ya bahasha:
damu humwaga chuma chake, tone kwa tone,
na mwili una mfagiaji wa kukiokota.
Wapo wafagiaji hodari, wapo wenye mikono mizito.
Pasipo sukari, mzito hajulikani.
Penye sukari, chuma husalia,
na mshipa hushika kutu kwa ndani.
"Wewe ulirithi herufi moja ya huku, moja ya kule.
Kaka yako, zote mbili nzito."

Tumbo moja! Baba mmoja!
Nikamuuliza: basi lile daftari lilikuwa kazi bure?
Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.
"Bila daftari ungemzika miaka kumi kabla.
Na wewe usijivune, Oiva.
Hata karata nzuri huliwa."

Leo Hilkka wako amekuja kutoka Joensuu
na barua ya maabara, bado imefungwa.
Ameiweka chini ya bakuli la sukari,
sijui kwa mzaha, sijui kwa kutoona.
Herufi moja nzito anayo, hiyo haina ubishi,
hukuwa na nyingine ya kumpa.
Ya pili ni ya mama yake, nayo imo humo, imekunjwa.

Theluji imefika magotini.
Ameinuka, amevaa buti zako.
Nami, mvuta sigara, mlamba kijiko,
nimewahi mlangoni, nimelidaka beleshi.
"Kaa usome," nimemwambia.
"Njia nitaifukua mimi. Polepole.
Na ukiniona natoka jasho,
usiniulize la nini. Piga simu."